Nikilala mchana baada ya kutoka ziwani natoka kwenye mwili, nifanyeje niitawale hii hali?

Mvuvi_Kibirizi:
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi nipo Kigoma, kazi yangu kuvua dagaa Ziwa Tanganyika, tunashusha mwalo wa Kibirizi. Hili jambo nina mwaka wa tatu nalo na zaidi ya mke wangu na mzee mmoja sijamwambia mtu, sasa naona limezidi nguvu zangu.

Iko hivi, tukishauza mzigo asubuhi nafika nyumbani kama saa tatu, saa nne, nalala chali maana mgongo unakuwa hoi kwa kuvuta wavu usiku kucha. Hata usingizi haujakolea nasikia mngurumo masikioni kama boti inakuja, mwili unakufa ganzi, mdomo haufunguki, kidole hakiinuki, alafu natetemeka kwa ndani mara nachomoka. Yaani najikuta juu karibu na bati, nikiangalia chini naona chandarua na mtu kalala pale na mtu mwenyewe ni mimi. Zamani ilikuwa inaishia hapo nazinduka jasho linatoka. Sikuhizi natembea kabisa. Juzi nimefika mpaka uani nikamkuta mke wangu anaanika dagaa, namwita hasikii, nilipoamka nikamuuliza kwanini alininyamazia akasema yeye muda wote huo alikuwa sokoni. Hiyo ndo imenichanganya zaidi.

Kingine, nimefuatilia nimeona inanijia siku za giza tu tukiwa kazini, maana dagaa tunavua kwa taa usiku usio na mwezi. Ikiingia mbalamwezi tukapumzika haiji. Mwaka 2024 serikali ilipofunga ziwa Mei 15 mpaka Agosti 15 sikupata hata mara moja miezi yote ile, tumerudi majini wiki ya pili tu ikaanza tena. Mzee mmoja pale mwaloni kaniambia kuna kitu cha ziwani kinanifuata na giza ndio saa zake, nikatengenezwe. Sibishani na wazee ila moyo haujakubali. Na niseme ukweli kuna siku naona raha, sitaki lazima iondoke, nataka niikate nikitaka na nisiwe na hofu kwamba siku moja nitashindwa kurudi.

MamaUjiji:
Marahaba mwanangu, pole sana. Kabla hujalala chukua udhu, soma Ayatul Kursiy, lala kwa ubavu wa kulia. Hiyo ya kulala chali acha kabisa, sisi tumelelewa tukiambiwa anayelala chali ndio anayekabwa na jinamizi. Na usifanye mchezo wa kutembea tembea huko, rudi haraka. Mkeo asikuache peke yako chumbani siku ukirudi umechoka sana.

Nesi_Tabora:
Mama yangu shikamoo, hilo la ubavu umesema kweli tupu, hata watafiti wa usingizi wamekuta jinamizi linampata zaidi aliyelala chali.

Kaka mvuvi, nimesoma maelezo yako mara mbili, hilo la giza na mbalamwezi umelifuatilia vizuri sana na jibu lako limo humo humo. Siku za giza unakesha unalala mchana, siku za mbalamwezi unalala usiku kama watu wengine, ziwa lilipofungwa ulilala usiku miezi mitatu mfululizo. Kinachobadilika hapo ni usingizi wako. Mwezi hauhusiki.

Usingizi unakwenda kwa mizunguko, mmoja unachukua kama dakika 90, na ndani yake kuna kipindi cha ndoto nzito ambapo macho yanacheza chini ya kope, kiligunduliwa Chicago mwaka 1953. Kipindi hicho ubongo unafunga misuli ya mwili ili usije ukarusha ngumi kweli kwa ngumi unayoiota, yanabaki macho na pumzi. Kwa kawaida mtu anaanza na usingizi mwingine kwanza, ndoto nzito zinakuja baadae na zinazidi kadiri asubuhi inavyokaribia. Sasa wewe ndio kwanza unapanda kitandani saa tatu asubuhi, saa ambayo ubongo bado unazitaka sana ndoto hizo, tena una deni la kulala la usiku mzima. Unadumbukia moja kwa moja kwenye ndoto akili bado iko macho. Misuli imefungwa wewe unajua, ndio ile ganzi.

Na kule kupaa ni hivi, ubongo unajua mwili uko wapi kwa kukusanya habari za macho, ngozi, misuli na kile kiungo cha ndani ya sikio kinachotupa mizani. Habari zikigongana unaweza kujiona upo pengine kabisa. Mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake huko Geneva, Uswisi, walikuwa wanamchunguza mama mwenye kifafa, wakapitisha umeme kidogo sana sehemu moja ya ubongo upande wa kulia, juu kwa nyuma ya sikio. Kwanza akajisikia anazama kitandani, walipoongeza akasema anajiona amelala kitandani na yeye yupo juu anamwangalia, ila aliona miguu na nusu ya chini tu. Wakiacha inaisha, wakirudia inarudi. Kwahiyo hofu ya kushindwa kurudi itue kaka yangu, hujaondoka, umelala pale pale na kipindi kile cha ndoto kinaisha chenyewe.

Lakini sikia, kama kuna siku umeng'ata ulimi, umejikojolea au mkeo ameona unatupa mikono na miguu, nenda hospitali ya Maweni hapo Kigoma wakupime kifafa. Na kama usingizi unakubeba ghafla mchana ukiwa unaongea na watu, au ukicheka magoti yanalegea, hilo nalo mwambie daktari. Mtu wa majini hilo si la kuahirisha.

Mlinzi_Urambo:
Mkuu mimi nilikuwa nalinda ghala la tumbaku usiku, ikanianza mwezi wa pili wa kazi, kwahiyo naongea kitu ninachokijua.

Ukisikia ule mngurumo usipigane nao. Ukipigana unakuwa unajaribu kuinua mkono mzima na mkono umefungwa, ndio hofu inapanda unahisi kifua kimekaliwa. Toa pumzi taratibu, hesabu pumzi. Ukitaka kukata, peleka akili kwenye kidole gumba cha mguu ukikunje kidogo kidogo, au zungusha macho kushoto kulia, au ulimi. Mimi kidole cha mguu hakijawahi kuniangusha.

Ukitaka kukaa, shika vitu, sugua viganja, gusa ukuta usikie ulivyo. Usiangalie nyuma ulipolala, ukijiangalia tu unavutwa unarudi. Na angalia unachokiwaza maana unachokiwaza ndicho kinakuja, mimi nilikuwa namuwaza mwizi basi kila siku namkuta kasimama dirishani. Nilipoanza kumuwaza marehemu bibi yangu dirisha likawa tupu.

Kuhusu mkeo uani, mimi nilijipima hivi. Nilimwomba mdogo wangu aandike namba ya tarakimu tatu kwenye karatasi aweke juu ya kabati bila kunionyesha. Nilitoka mara nne nikaipanda hiyo kabati, kila mara nasoma namba tofauti, zote si yenyewe. Siku hiyo ndio niliacha kuogopa.

Kasulu_Kwetu:
Mi naona uache kabisa mkuu, vitu vya roho havijaribiwi. Sisi kwetu tungekupeleka kwa mchungaji ukaombewe.

Mvuvi_Kibirizi:
Wakuu naleta mrejesho, samahani nimekawia, tulikuwa kazini. Kasulu nashukuru kwa kunijali ndugu yangu, maombi pia yamefanyika.

Nimelala ubavu wa kulia siku tisa kama mama alivyosema, nimetundika blanketi dirishani kuwe giza, na nikitoka ziwani naenda kulala moja kwa moja, kupiga stori mwaloni nimeacha. Siku tisa zote kimya. Ya kumi nikalala chali makusudi. Mngurumo ukaja, nikahesabu pumzi, nikatoka, sikuangalia nyuma. Mke wangu alikuwa ameandika namba kwenye kipande cha boksi juu ya kabati, mimi nilisoma 52 yeye ameandika 317. Nilisikitika kidogo jamani, sikutegemea. Alafu nikapita batini nikaliona ziwa lote limejaa taa za wavuvi kama usiku, na nje ilikuwa saa nne asubuhi jua kali. Nilikaa pale juu naangalia tu. Nilipotosheka nikakunja kidole gumba, nikafungua macho.

Nesi, ulimi sijang'ata, mke wangu anasema natulia tuli ila pumzi inakuwa fupi fupi. Tumekubaliana akiisikia hivyo anishike mguu. Alhamisi ijayo mbalamwezi inaingia tunapumzika, nitaenda Maweni siku hiyo.