Amboseli na familia kwa Cessna 172: hema lipande ndege au liende kwa gari?

Baba Wawili:

Wakuu, hamjambo? Nina leseni ya rubani binafsi na saa 140 za kuruka, nyingi zikiwa za kuzunguka kiwanja cha Wilson, Nairobi, na kwenda Nanyuki na kurudi. Agosti hii, shule zikifungwa, ninakusudia kuwapeleka mke wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 12 na 9, wakapige kambi Amboseli kwa siku tatu. Ndege nitakayokodi ni Cessna 172 aina ya N, yenye injini ya nguvu farasi 160.

Nimepiga hesabu. Ndege ikiwa tupu ina kilo 680, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ni pauni 2,300, yaani kilo 1,043. Sisi wanne kwa pamoja tuna kilo 224, na mafuta ya tangi zote mbili, lita 151, ni kilo 109. Zinazobaki ni kilo 30, ilhali hema, magodoro, maji, chakula na jiko vinafika kilo 60. Nimefikiria kupunguza mafuta hadi lita 110 ili mizigo yote iingie, kwa kuwa safari ni kama kilomita 155 tu kwa mstari ulionyooka na haizidi saa moja. Tena kiwanja cha Amboseli kiko chini kuliko Wilson, kwa hiyo sioni taabu katika kupaa wakati wa kurudi. Je, kuna jambo nililolisahau?

Kapteni Mstaafu:

Ndugu yangu, hesabu yako ya kujumlisha ni sahihi, ila umeianza mahali ambapo ingefaa kuishia.

Tuanze na hewa, ambayo joto huifanya kuwa nyepesi kana kwamba uko juu zaidi. Wilson iko futi 5,500 na kitu juu ya usawa wa bahari. Saa mbili asubuhi, kipimajoto kikisoma nyuzi 14, ndege huhisi kana kwamba iko futi 6,700. Saa saba mchana, nyuzi zikifika 25, ndege ileile huhisi iko futi 8,000, na injini yako isiyo na kisukuma hewa (turbo) huwa imepoteza takriban robo ya nguvu zake. Sasa iangalie Amboseli, ambayo umeiona kuwa nafuu kwa sababu iko karibu futi 3,800 tu. Joto la nyuzi 32, ambalo hufikiwa pale adhuhuri siku za joto, huipandisha hewa yake hadi hizo hizo futi 6,700. Kwa maneno mengine, kupaa Amboseli mchana ni sawa na kupaa Wilson asubuhi na mapema, isipokuwa kwamba Wilson una lami ndefu na zimamoto, na kule una vumbi, chamchela zinazozuka uwandani bila taarifa, na pengine nyumbu katikati ya njia.

Kuhusu mafuta, sikubaliani nawe hata kidogo. Lita 110 zinatosha kwenda, kurudi na kubakiwa na akiba ya karibu saa moja, na kanuni inakudai dakika 30 tu mchana, kwa hiyo kwenye karatasi uko salama. Lakini Agosti Nairobi huamka imefunikwa na wingu zito la chini ambalo mara nyingine haliondoki hadi saa tano. Utaondoka Amboseli saa tatu kukwepa joto, ufike karibu na Athi River ukute blanketi limetanda hadi vilimani. Usitarajie kupata petroli ya ndege Amboseli. Mwenye tangi zilizojaa atageuza, arudi Amboseli, anywe chai na kusubiri, naye atabakiwa na mafuta ya kumfikisha nyumbani baadaye. Mwenye lita 110 akigeuza atafika, lakini hatakuwa na mafuta ya kujaribu tena, kwa hiyo atashawishika kujipenyeza chini ya wingu akiwa na watoto nyuma. Jaza tangi, na hema litafutie usafiri mwingine.

Hata hizo kilo 60 hazikubaliki, kwa sababu sehemu ya mizigo ya 172 ina kikomo cha pauni 120, yaani kilo 54, hata kama uzito wa jumla unaruhusu. Ukiijaza, kitovu cha uzito husogea nyuma, na ndege huanza kuinua pua bila kuombwa. Nao mtungi wa gesi wa jiko usiupakie kabisa.

Mama Pendo:

Mimi si rubani; mimi ni mke wa rubani, na nadhani upande huu haujasemwa. Mwaka jana tulifanya safari kama yako. Asubuhi ya kuondoka mume wangu alipima mizigo upya kiwanjani, akaona imezidi, tukaacha mfuko mmoja. Tulipofika kambini na giza likikaribia kuingia, tuligundua kwamba mfuko ulioachwa ndio uliokuwa na fito za hema. Tulilala wanne ndani ya gari la kukodi, na mpaka leo watoto huisimulia habari hiyo kwa kila mgeni.

Ninalotaka kusema ni hili: lazima uwe na gari Amboseli hata hivyo, kwa sababu huwezi kutoka kiwanjani hadi kambini kwa miguu huku tembo wamejaa njiani. Basi kama gari ni lazima, kwa nini lisitoke Nairobi likiwa na mizigo yote? Mtafute shemeji au binamu anayependa kuendesha, atangulie kupitia Emali, awe kiwanjani mnapotua. Watoto wape kifungua kinywa chepesi na peremende za kunyonya mnaposhuka, maana masikio huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda.

Fundi Injini:

Nakubaliana na Mama Pendo kuhusu gari. Naongeza machache ya ndege itakayolala nje usiku mbili.

Beba kamba na vigingi vya chuma vya kufungia mabawa na mkia. Funika mrija wa kupimia kasi mara tu unapozima injini, kwa sababu nyigu huhitaji alasiri moja tu kuuziba kwa udongo, na utagundua hilo ukiwa tayari unakimbia kwenye njia na mshale wa kasi umelala. Fisi hupenda kutafuna matairi, na marubani wa mbugani huyazungushia matawi ya miiba. Hayo yaje na gari, msikate mti ndani ya mbuga. Kabla ya kutua pita juu ya njia mara moja uangalie wanyama, na ukishatua piga simu ufunge mpango wa safari, kwa kuwa hakuna mnara wa kuongozea ndege utakaokufungia na ukisahau utaanza kutafutwa.

Baba Wawili:

Nawashukuru sana. Kapteni, sikuwa nimelinganisha hewa ya Amboseli ya mchana na ya Wilson ya asubuhi, na nilipofungua majedwali ya mwongozo jana usiku nilinyamaza kwa muda.

Nimeamua hivi: tangi zitajazwa, ndani ya ndege watakuwa watu wanne na mfuko mmoja wa kilo 15 wenye maji, dawa, nguo za baridi na vifaa vya kufungia ndege. Shemeji yangu amekubali kutangulia na kila kitu kingine. Aliomba aje na rafiki atakayechangia pesa ili apate kiti cha ndege wakati wa kurudi. Nimemweleza kwamba leseni yangu hainiruhusu kubeba abiria wa kulipa na kwamba kiti chenyewe hakipo. Siku ya kurudi nitapiga simu Wilson kuuliza hali ya wingu kabla hatujavunja hema, na likiwa bado limetanda tutakaa hadi litakapoinuka, au hadi kesho yake. Mwajiri wangu nimeshamwomba siku moja ya ziada.

Fito za hema nitazihesabu mwenyewe.