Kipanya cha kuwekea nukta za darizi: M185, G102 au DeathAdder Essential? Bajeti laki moja

Darizi_Katwe
Habari zenu wakubwa. Natengeneza faili za kudarizi nembo za shule kwenye sweta, natumia programu ya kuchora ya Inkscape pamoja na kiendelezi chake cha kudarizi, Ink/Stitch. Kazi yangu kutwa ni nukta: nafuata ukingo wa picha, naweka nukta, navuta mkunjo, naenda inayofuata. Nembo moja yenye korongo na kitabu kilichofunguliwa inaweza kunilia nukta mia nne.

Kipanya nilichonacho kinanitesa. Mshale naufikisha mahali pake vizuri, lakini nikibofya tu unaruka kidogo na nukta inakaa pembeni ya mstari. Safu za uzi ninazipanga milimita 0.4 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo kosa dogo hivyo linatosha jicho la korongo kutoka limepinda. Muhula wa kwanza unafunguliwa Februari na oda zimeshaanza kuingia.

Nina laki moja ya Uganda. Nimetazama Logitech M185 isiyo na waya, Logitech G102 ya waya, na Razer DeathAdder Essential, ya waya pia. Muuzaji mmoja mjini ananisukumia nyingine isiyo na jina, anasema DPI zake ni nyingi kuliko zote. Mliozitumia nisaidieni.

PlotiNaMipaka
Dada, hiyo ya DPI nyingi iache hukohuko dukani. DPI ni hatua ambazo mshale unapiga mkono ukisogea inchi moja. Kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1920, ukiweka 800, mkono unasafiri kama sentimita 6 kuvuka skrini nzima. Ukiweka 8000, ni milimita 6 tu. Nani ana mkono wa kulenga nukta ndani ya milimita 6? Mimi nachora ramani za viwanja hapa Mbarara, nabofya pembe za mipaka tangu asubuhi, na sijawahi kupita 1000.

La pili ni la bure. Kwenye mipangilio ya kipanya ya Windows kuna tiki inayodai kuongeza usahihi wa mshale. Kwa kazi zetu inaharibu, maana inaukimbiza mshale zaidi mkono ukienda haraka, na umbali uleule wa mkono unakupa umbali tofauti kila mara. Iondoe. Siku mbili utajiona mgeni, kisha utazoea.

Katika hizo tatu, M185 ina DPI 1000 isiyobadilika. Kwa barua na hesabu inafaa sana. G102 unaipanga kuanzia 200 hadi 8000, na ina kitufe nyuma ya gurudumu cha kubadilishia papo hapo. Mimi nina 800 ya kawaida na 400 ya kona ngumu. Uzito wake gramu 85. Kura yangu iko hapo.

MamaSweta_Jinja
Mwanangu, mimi ni mtu wa bila waya. Meza yangu ina nguo, mikasi na bobini, na waya ulikuwa unanasa kwenye sweta kila saa. Ila nilisumbuka mwanzoni, mshale ulikuwa unakwamakwama. Kijana wangu akaniambia tundu la USB 3 linatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya GHz 2.4 ambayo kipokezi, kile kidude cha USB cha kipanya, kinasikilizia. Tukachomeka kipokezi kwenye waya mfupi wa kurefushia, kikakaa mbali na kompyuta, karibu na mkono. Tangu hapo sijaona shida.

Ukiweza kuongeza pesa, tazama Logitech G304, nayo haina waya. Inafika DPI 12,000, inatumia betri moja ya AA, na ikiwa na betri ni gramu 99.

Kalamu_Nsambya
Na ubao wa kuchorea wenye kalamu? Midogo ipo ya bei ya chini.

Fundi_Wandegeya
Kwa mstari wa mkono huru, kalamu haina mpinzani. Kwa nukta moja moja sikushauri, maana ncha huteleza unapoinyanyua.

Nyabo, rudi kwenye maneno yako: mshale unaruka *ukibofya*. Hapo chanzo si DPI. Kitufe ni kigumu, kidole kinasukuma, na kipanya kizima kinasogea nacho. Ukiongeza DPI, ule msukumo mdogo unakuwa mkubwa zaidi kwenye skrini.

Nenda na laptopu yako dukani. Fungua Paint, tazama chini kushoto, kuna namba mbili za mahali mshale ulipo. Tuliza mkono, bofya mara kumi. Namba zikicheza, rudisha. Wakikataa kukufungulia boksi, toka. Feki zenye majina makubwa ni nyingi, na mimi mwenyewe niliuziwa moja ambayo sensa yake, lile jicho la chini linalosoma mwendo, ilikuwa inapoteza njia kwenye meza nyeupe.

Pima pia mkono. DeathAdder Essential ina DPI 6400 na gramu 96, umbo lake ni refu, linamfaa anayelaza kiganja chote. G102 ni fupi, inamfaa anayeshika kwa ncha za vidole.

Darizi_Katwe
Nimerudi. Jana nilipanda boda na laptopu begani, na ni duka la tatu ndilo lililokubali. Ile isiyo na jina namba zilicheza karibu kila bofyo. DeathAdder zilitulia kabisa, ila mkono wangu ni mdogo, kidole kilibaki kimenyooka. G102, mabofyo kumi, namba zilezile. M185 hawakuwa nayo. Nikachukua G102: walianzia laki na kumi, tukaafikiana elfu tisini na tano.

Nimegundua na hili kwenye Inkscape: ukichagua nukta kisha ukabonyeza Alt na kitufe cha mshale cha kibodi, inasogea pikseli moja ya skrini. Ukikuza picha zaidi, hatua inazidi kuwa ndogo.

Yule korongo nimemrudia tangu mwanzo kwa DPI 800, na tiki nimeiondoa. Jicho lina nukta nane na zote zimekaa kwenye mstari. Mama, waya nimeubana ukingoni mwa meza kwa kibanio cha nguo, haugusi sweta.