Naomba ushauri: neno gani lifae kwa mizani na kwa maisha?

Wakuu, habari zenu. Naandaa somo la fizikia kuhusu nyenzo (kama ubao wa bembea), nimekwama kwenye neno moja. Mtoto wa kilo 20 akikaa mita 2 kutoka kwenye egemeo la ubao, yaani pale unapoegemea, mwenzake wa kilo 40 anakaa mita 1 tu upande wa pili. Ubao unatulia, hakuna anayegusa chini. Hapo nasema "umesawazika", basi. Sasa mwanafunzi kaniuliza: anayegawa muda kati ya kazi na familia naye "anasawazisha"? Nikasita. Neno hilo linanukia nusu kwa nusu, ilhali hata pale ubaoni uzito haulingani, umbali ndio unaofidia. "Kupatanisha" nalo (mh!) ni la waliogombana. Nyie mngetumia lipi?