Wauza printa, mnatuona mazuzu?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Dukani kwa mjomba, Kariakoo, tunauza vipuri vya pikipiki kwa jumla. Stoo, madeni na ankara vyote viko kwenye programu ya FoxPro (ya kutunza kumbukumbu) ya DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, tangu miaka ya 90. Skrini ya bluu, maandishi meupe, na haijawahi kupoteza deni la mteja hata mmoja.

Printa ya zamani ikafa kichwa. Nikaenda duka la kompyuta, nikamweleza muuzaji: programu ni ya DOS, inachapa kupitia LPT1, yaani lile tundu la zamani la printa (parallel). Nikamtolea na ankara yetu aione, nakala tatu zenye kaboni. Akanijibu bila kupepesa macho, "Hii leza inakubali kila kitu, bosi."

Nimeifunga. Nikaishea kwenye Windows, nikaandika amri ya NET USE LPT1 ili kinachokwenda LPT1 kiende kwenye leza, ikakubali vizuri. Natuma ankara: kazi inaonekana kwenye foleni, inayeyuka, taa ya kijani inawaka vilevile. Karatasi haikusogea hata kidogo. Nampigia jamaa aliyeniuzia, ananiambia tatizo ni programu yangu ya kizamani!

Programu ina kosa gani? DOS inatuma herufi zenyewe, pamoja na kodi za ESC/P (lugha ya amri za printa) za Epson za kukoza maandishi na herufi namba 12 ya kusukuma ukurasa. Printa za zamani zilikuwa na fonti ndani, zikipokea A zinachapa A. Hizi za bei ya chini nyingi ni za GDI: Windows ndiyo inachora ukurasa mzima, printa inamiminiwa vidoti tu. Ukiipa A tupu imekaa inakutazama kama mgeni asiyejua lugha. Boksi limejaa Wi-Fi na kurasa kwa dakika, PCL, lugha ya printa zinazopokea herufi zenyewe, haijatajwa popote. Hata kebo ya USB kwenda tundu la parallel haikusaidii hapo, inabadilisha plagi tu.

Na wale wa "nunua kompyuta mpya": Windows ya biti 64 haifungui programu za biti 16 kama hii yetu, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Nimeweka vDos, programu ya kuendeshea za DOS ndani ya Windows, inadaka kinachokwenda LPT na kukichapa kupitia Windows. Leza ikachapa, safi kabisa. Nakala moja! Leza haigongi karatasi, kaboni itafanya kazi vipi? Mteja anataka yake, stoo yake, na mjomba yake.

Kinachoniuma zaidi, rafu ya juu palepale dukani kulikuwa na Epson LX-310, ya pini zinazogonga karatasi, ina tundu la parallel na USB. Muuzaji hakuitaja. Sasa anasema mzigo ukishafunguliwa haurudi.

Leza nauza, iko kwenye boksi lake. Kama unatumia Windows ya kawaida na huna habari na kaboni, njoo PM tuelewane bei.