Mjadala: Mkweche wa angani, tuukarabati au tuustaafishe?

Fundi wa Kizota
Wakuu, salaam. Tangu tarehe 11 Novemba 2025, ilipoanguka C-130, ndege ya mizigo ya jeshi la Uturuki, kule Georgia na kuua wote 20 waliokuwamo, kijiwe chetu cha kahawa hapa Dodoma hakijatulia. Ndege ile iliundwa mwaka 1968, ikatumika Saudi Arabia kabla ya kufika Uturuki. Kundi moja kijiweni linasema ndege ya umri huo haina kazi angani. Jingine linajibu kwamba C-130 ya kwanza iliruka mwaka 1954 na hadi leo ukoo wake unabeba mizigo ya majeshi dunia nzima. Nimeona niulete huku: ndege kuukuu ya mizigo ya jeshi istaafishwe lini, na nini kishike nafasi yake?

Chanzo cha ajali ile nawaachia wachunguzi. Mimi ni fundi wa malori na nasema hivi: umri wa ndege hausomwi kwenye kalenda. Lori lililolala uani miaka 20 si sawa na lililobeba jasi ya Itigi kila wiki kwa miaka 20. Ndege kila inaporuka mabawa yanapinda kwenda juu, ikitua yanashuka, na hewa ya ndani inalijaza na kuliachia bodi kama puto. Chuma kinachoka, hasa pale katikati bawa linaposhikana na mwili. Agosti 2019 Marekani ilizuia C-130 zaidi ya 100 kuruka kwa sababu ya nyufa za sehemu hiyohiyo. Dawa ipo: unabadilisha sehemu nzima ya katikati ya bawa, ndege inaendelea. Kwa hiyo swali la kwanza liwe imetua mara ngapi, na wapi. Mwaka wa kuzaliwa ufuate.

Mhasibu mstaafu, Area D
Fundi, hapo kwenye bawa nakuunga mkono, lakini umeruka mfuko. Kinachoiua ndege ya jeshi mara nyingi ni spea. Angalia Transall, ndege ya mizigo ya jeshi ya Wajerumani na Wafaransa. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1963, zikaundwa 214 tu, hivyo nani atakufungulia kiwanda cha vipuri vya ndege 214? Ujerumani ilizistaafisha mwaka 2021, Ufaransa mwaka 2022, wakahamia A400M, ndege mpya na kubwa zaidi. C-130 zimeundwa zaidi ya 2,500, ndiyo maana hata kuukuu inapata spea. Ukiwa na ndege ya ukoo mdogo, utanyofoa moja ili nyingine iruke, mpaka ubaki na moja na mifupa ya wenzake.

Halafu kuna mishahara. C-130 za zamani zinataka watu watano, akiwemo mhandisi wa ndani na mwongoza njia. C-130J, yaani toleo jipya, inaenda na marubani wawili na msimamizi wa mzigo mmoja. Piga hesabu ya miaka 30 uniambie mkweche ni rahisi.

Mwanachuo
Shikamooni wakubwa. Mimi sielewi kwa nini tunabishania ndege ya jeshi. ATCL, shirika letu la ndege, ilipokea Boeing 767 ya mizigo mwaka 2023, inabeba tani 54. Msalato nako, uwanja mpya wa ndege hapa Dodoma, barabara ya kurukia ni ya kilometa 3.6. Si jeshi likodi tu?

Fundi wa Kizota
Marahaba kijana. Tani 54 unazipakia kwa mlango wa ubavuni, ulio juu, kwa mashine maalumu ya kunyanyua. Usipokuwa na mashine kule unakotua, mzigo unarudi nao. Ndege ya mizigo ya jeshi inafungua mkia unakuwa mteremko, lori linashuka lenyewe. Mabawa yako juu ya mwili ili injini zikae mbali na kokoto, na matairi yake yanavumilia changarawe. Januari 2010 mafuriko yaliikata reli huko Kilosa. Desemba 2023 tope liliifunika Katesh. Siku ya namna hiyo, barabara nayo ikikatika, 767 utaitua wapi? Itakaa Msalato inapendeza kwa picha.

Mama wa Kongwa
Naomba nichangie. Naona mtu atakuja na hoja ya mtumba, maana Uingereza iliziondoa C-130J zake Juni 2023 zikiwa bado zinaruka vizuri tu. Bangladesh ilishanunua 5 kabla ya hapo, na Uturuki imekubali kuchukua 12.

Sisi wa Kongwa tusiulizwe kuhusu mitumba ya jeshi. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga kwa matrekta yaliyobaki vitani, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Vifaa vilikuwa vimechoka, ardhi yetu ikikauka ni zege. Mwaka 1951 mradi ukafa, wakaacha vyuma na hasara ya mamilioni ya pauni. Rahisi ghali.

Mhasibu mstaafu, Area D
Mama, vifaru kulima karanga na ndege kubeba mizigo ni vitu viwili. C-130J ya mtumba inafanya kazi ileile iliyoundiwa.

Mama wa Kongwa
Sawa baba, lakini anayeuza ndiye anayejua imetua mara ngapi. Daftari lake nani atalisoma kwa niaba yetu?

Mwanachuo
Na tusisahau mikono. Mei 2018 C-130 ya zamani ya jeshi la akiba la Puerto Rico ilianguka Savannah, Marekani, ikiwa njiani kwenda Arizona kustaafu. Wakafa 9. Ripoti ya jeshi ilisema injini moja ilisumbua, lakini kilichoiangusha ni namna marubani walivyoishughulikia. Ungeweza kuwapa ndege mpya, kosa likawa lilelile.

Fundi wa Kizota
Hapo kijana umenibana, nakubali. Na kwa Mama pia nalegeza: mtumba usinunuliwe bila mafundi wetu wenyewe kufungua bawa.

Ila kosa ninaloliogopa zaidi ni la kustaafisha kabla mbadala haujaanza kazi. Canada iliziacha ndege zake za uokoaji aina ya Buffalo Januari 2022, baada ya kuzirusha tangu 1967. Ndege mpya zilikuwa zimeshaanza kuwasili, lakini hazikuanza uokoaji hadi 2025, ndege nyingine zikabebeshwa zamu. Canada ina ndege za kuazimana ndani kwa ndani. Mwenye mbili tatu ataazima kwa nani?

Kwa ukubwa wetu ningetazama Kenya, walioziondoa Buffalo wakachukua C-27J 3 kutoka Italia, ndege ya mizigo ndogo kuliko C-130. Ina injini mbili za aina ileile ya C-130J, kwa hiyo spea haziwi za kutafuta kwa tochi. A400M ya tani 37 waachieni wenye magari mazito ya kivita ya kusafirisha.

Mhasibu mstaafu, Area D
C-27J nayo ni ya ukoo mdogo, Fundi. Injini utapata, mkia na milango je? Umerudi palepale pa Transall.

Fundi wa Kizota
Hilo nitalijibu jioni. Kuna semi ya Manyoni imefunguliwa gia boksi hapa na mwenyewe amesimama juu yangu.