Cheti cha kuzaliwa baada ya kubadili jinsia: sheria hurekebisha nini hasa?

Kaka Mkubwa ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mdogo wangu alibadili jinsia miaka kadhaa iliyopita, na pasipoti yake imekwisha kurekebishwa, lakini cheti chake cha kuzaliwa kimebaki kama kilivyoandikwa alipokuwa mchanga, hivyo kila anapotakiwa kuwasilisha hati zote mbili hushukiwa kuwa ameghushi mojawapo. Afisa mmoja alimweleza kwamba pasipoti huonyesha mtu alivyo leo, ilhali cheti hueleza lililotokea siku ya kuzaliwa, na lililokwisha kutokea haliandikwi upya. Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa linaniumiza na wakati huohuo sijaweza kuona kosa lake. Naomba mnieleze: nchi zinazoruhusu cheti kubadilishwa zimeijibuje hoja hiyo, na zinamtaka mtu atimize masharti gani?

Mwanasheria amejibu:

Ndugu, hoja aliyopewa mdogo wako imekwisha kupimwa mahakamani. Nchini Uingereza, kesi ya ndoa ya Corbett ya mwaka 1970 iliweka msimamo kwamba jinsi ya mtu huthibitika anapozaliwa, na msajili naye alikubali kusahihisha kosa la uandishi tu. Tarehe 11 Julai 2002, katika kesi ya Goodwin, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba hali hiyo ilikiuka haki ya kuheshimiwa kwa maisha binafsi na haki ya kufunga ndoa. Zingatia namna majaji walivyoijibu hoja ya kumbukumbu ya kihistoria: walieleza kwamba daftari la vizazi tayari lilikuwa na vighairi vyake, kwa kuwa mtoto anayeasiliwa, au yule ambaye wazazi wake wanaoana baada ya yeye kuzaliwa, aliweza kupewa cheti kinacholingana na hadhi yake mpya. Nami naongeza kwamba sijasikia mtu akilalamika kuwa cheti cha mtoto wa kuasili ni cha uongo.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 2004, na sheria hiyo haikufuta chochote. Maandishi ya awali hubaki mahali pake, mhusika huandikishwa katika daftari la pili, na cheti kipya hutolewa humo bila kuonyesha kwamba aliwahi kuandikwa vingine. Uhusiano wa maandishi hayo mawili ni siri, na afisa anayeufichua bila ruhusa ya kisheria hutenda kosa la jinai. Upasuaji si sharti. Mwombaji hutakiwa awe ametimiza miaka 18, awe na taarifa za kitabibu, awe ameishi katika jinsia hiyo kwa miaka 2, na aape kwamba ataendelea hivyo maisha yake yote. Naamini utaratibu huo wa madaftari mawili ndio uliofikiriwa vizuri zaidi, kwa sababu unailinda kumbukumbu na kumlinda mwenye cheti pia.

Karani Mstaafu amejibu:

Masharti hutofautiana mno. Uswidi, iliyotangulia kutunga sheria ya aina hii mwaka 1972, iliwataka waombaji wasiwe na uwezo wa kuzaa, na sharti hilo halikuondolewa hadi mwaka 2013. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilihukumu kwamba sharti kama hilo ni ukiukaji wa haki katika kesi dhidi ya Ufaransa mwaka 2017, na Mahakama Kuu Kabisa ya Japani ikalikataa Oktoba 2023. Ninapofikiria kwamba watu walilazimika kuachana na matumaini ya kupata watoto ili herufi moja ibadilike kwenye karatasi, huona haya kwa niaba ya taaluma yetu.

Argentina iliondoa kabisa masharti ya kitabibu mwaka 2012, ikabaki na tamko la mhusika mwenyewe. Denmark ilifuata mwaka 2014 na Ireland mwaka 2015. Nchini Ujerumani, tangu Novemba 2024, mtu hutoa taarifa kwa msajili miezi 3 kabla ya kutoa tamko lake. Afrika Kusini, kwa Sheria Na. 49 ya mwaka 2003, bado hudai uthibitisho wa matibabu.

Msomaji Makini amejibu:

Namhurumia mdogo wako kwa dhati, lakini sikubaliani na mfano wa kuasili. Uzazi wa kuasili huundwa na sheria, kwa hiyo sheria ina uwezo wa kuuandika. Umbile alilozaliwa nalo mtoto halikuundwa na sheria. Hata fomu nyingi za Kiswahili huuliza “jinsi”, yaani umbile la kuzaliwa, si “jinsia”, yaani namna mtu anavyoishi na kutambuliwa katika jamii, ingawa tumezoea kuyachanganya maneno hayo. Hungaria ilishika njia hiyo mwaka 2020 ilipoamua kuandika jinsi ya kuzaliwa, isiyobadilishwa. Aidha, cheti kipya hakimalizi kila jambo, kwani Aprili 2025 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliamua kwamba neno “mwanamke” katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 lina maana ya kibaiolojia, hata pale mtu anapokuwa na hati ya kutambuliwa kisheria kwa jinsia yake mpya.

Mwanasheria amejibu:

Tofauti unayoitaja ni ya kweli, nami siipuuzi. Hata hivyo, cheti kingekuwa kumbukumbu ya siku moja tu kama kingebaki kabatini. Sisi ndio tunaomdai mtu mzima akionyeshe anapotafuta kazi au kufunga ndoa, kisha tunamwambia hakimhusu mtu alivyo leo.

Kaka Mkubwa, angalia pia kwamba mwenye mamlaka juu ya cheti ni nchi alikozaliwa mtu, hata kama jinsia yake imetambuliwa kwingine. Raia wa Romania aliyetambuliwa nchini Uingereza alikataliwa kurekebishiwa cheti nyumbani, na tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba katazo hilo lilipingana na sheria za Umoja huo. Hukumu hiyo haivuki mipaka ya Umoja wa Ulaya.

Kaka Mkubwa amejibu:

Nawashukuru, pamoja na ndugu aliyenipinga. Mimi na mdogo wangu tutamwandikia msajili wa nchi tulikozaliwa, na hatutaomba maandishi ya zamani yafutwe. Tutauliza kama yanaweza kuhifadhiwa kwa siri na cheti kingine kutolewa, kama inavyofanyika kwa mtoto wa kuasili.