Mtoto ana SS (sikoseli), mbona anapewa dawa ya malaria na nasikia sikoseli inakinga malaria?

MamaAhero:
Habari zenu wadau, niko hapa Ahero, nina mtoto wa kike miezi kumi. Juzi juzi aliamka vidole vimefura kama sukari ndizi, mikono yote miwili, ukimgusa tu analia. Hospitali ya kwanza walisema ni mdudu amemuuma tukapewa dawa ya maumivu tukarudi nyumbani, ikarudi tena, ya pili ndo wakapima damu wakasema ni SS. Sasa ako na penisilini, foliki na proguanili ya malaria kila siku. Hapo ndo nimechanganyikiwa, shemeji yangu amesoma na anasema sisi watu wa Ziwa Victoria tuko na hii damu sababu inatukinga na malaria, sasa kama anakingwa hii dawa ni ya nini? Na mama mkwe anasema kwao haijawahi kuonekana, ati ni chira, laana ya kuvunja mwiko, nimewaletea. Silali jamani, mwenye anajua anisaidie.

Maabara_Kisumu:
Pole sana mama. Nafanya maabara hapa Kisumu, hiyo kitu naiona kila wiki. Shemeji hajadanganya ila amechanganya watu wawili. Mwenye amerithi jeni moja ya siko na moja ya kawaida anaitwa AS, huyo si mgonjwa, na ndo mwenye kinga, si ati hapati malaria, anapata lakini ile kali ya kuua hatari yake inashuka karibu asilimia 90. Kimelea kikiingia kwa seli yake nyekundu seli inajikunja, wengu unaiondoa mapema. Mtoto wako amerithi mbili za siko, ndo SS. Kwake wengu unaharibika angali mdogo, damu yenyewe ni kidogo, malaria moja tu inaweza kuimaliza. Proguanili usiruke hata siku moja, neti pia, na homa ikipanda usiku usingoje kuche.

Na hiyo ya nani ameleta, SS hutoka pande zote mbili, wewe moja na mzee moja. Nendeni mpimwe elektroforesisi, kipimo cha damu kinachotenganisha AS na SS, kile cha zamani cha sickling kinaonyesha tu siko iko, hakitenganishi. Kama nyote ni AS basi kila mimba ni asilimia 25 SS, kila mimba, si ati huyu akishapata watatu wanaofuata wamepona.

Otis_Nakuru:
Mimi ni AS, naishi Nakuru lakini kwetu ni Siaya. Mwambie mama mkwe pole pole, kwa heshima, hii si chira. Kulikuwa na daktari Anthony Allison, alikulia hapa Kenya, 1949 alizunguka akipima watu damu akakuta pwani na kando ya ziwa wenye AS ni wengi, huku juu kwenye baridi wachache, na 1954 akaandika kwamba sababu ni malaria. Yaani wazee wetu wenye hiyo jeni moja ndo walibaki hai wakazaa. Ilikuja na uhai, na kwa wajukuu wengine ikaja na uchungu.

DadaYakeSS:
Mama pole. Kaka yangu ni SS, ana miaka 31, ni fundi wa umeme na ana watoto wawili. Usikubali mtu akuambie ati hawafiki. Maji mengi, asishikwe na baridi, na uliza kliniki kuhusu dawa ya haidroksiyurea, kaka tangu aanze hajalazwa mara nyingi kama zamani. Kitu kingine mama alifundishwa, ukimwosha weka vidole chini ya mbavu za kushoto ubonyeze taratibu, hapo ndo wengu. Ukiusikia umefura ghafla na mtoto amepauka, acha kila kitu mkimbize hospitali.

MamaAhero:
Mungu awabariki. Nimemshika leo asubuhi kwa beseni, ni laini, sijasikia kitu. Mzee amesoma hapa kwa simu yangu, amekubali Ijumaa tuende tupimwe. Mama mkwe bado amenyamaza. Sasa yule mkubwa wa darasa la pili, hajawahi ugua hivi, hata malaria humpita tu, naye nimpeleke?

Maabara_Kisumu:
Mpeleke. Akiwa AS si ugonjwa, lakini siku moja ataoa na itabidi anajua.